Marejeo manne ya bendi za roki: uanze na albamu ipi?

Kati ya Septemba 2008 na Juni 2013, bendi nne kubwa za roki zilirudi studio baada ya ukimya, mfarakano, msiba au albamu iliyowaudhi mashabiki, na kila moja ikatoa kazi iliyotangazwa kuwa ndiyo kurejea kwake. Metallica walitoa Death Magnetic mwezi Septemba 2008, Guns N' Roses wakatoa Chinese Democracy mwezi Novemba mwaka huohuo, Alice in Chains wakafuata na Black Gives Way to Blue mwezi Septemba 2009, na Black Sabbath wakatoa 13 mwezi Juni 2013. Anayezijua bendi hizi kwa nyimbo za zamani tu, na sasa anajiuliza kama marejeo haya yanastahili muda wake, hukutana na maoni yasiyopatana hata kidogo: huyu anaisifu albamu, yule anaiponda, na mara nyingi kila mmoja anapima kitu tofauti na mwenzake.

Makala haya yanaziweka albamu hizo nne mbele ya vigezo vilevile. Mimi ni shabiki na nina upande wangu, nao utaonekana humu ndani, lakini upande wangu si lazima uwe wako, kwa sababu albamu inayomfaa aliyekulia kwenye magitaa ya kasi si ile inayomfaa anayesikiliza mashairi usiku peke yake.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni hali iliyotangulia, yaani bendi ilikuwa imeangukia wapi kabla ya kurejea, kwani huwezi kumpima aliyeinuka bila kujua alikuwa ameanguka kutoka juu kiasi gani. Cha pili ni sauti ya albamu yenyewe na jinsi ilivyotayarishwa. Cha tatu ni nyimbo. Cha nne ni pengo: nani hayupo, na bendi imelikabili vipi suala la kutokuwepo kwake. Cha tano ni kilichofuata, maana bendi nyingi hurejea vizuri mara moja kisha zikashindwa kurudia.

Kigezo cha nne nakipa uzito kuliko vingine, na sababu yake ni AC/DC. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980, na kufikia tarehe 25 Julai mwaka huohuo Back in Black ilikuwa imeshatoka, ikiimbwa na Brian Johnson kutoka kaskazini mwa Uingereza, ikiwa na jalada jeusi tupu kwa ajili ya maombolezo na ikifunguliwa kwa mlio wa kengele. Bendi haikumtaka Johnson amwigize marehemu, wala haikujifanya kwamba hakuna aliyekufa. Nadhani hapo ndipo penye siri ya marejeo mengi yanayodumu, na ndipo mengine mengi yanapokwama. Kwa upande mwingine, albamu iliyofuata, For Those About to Rock We Salute You ya 1981, ilishika namba moja Marekani, jambo ambalo Back in Black haikulifikia, lakini leo ni wachache wanaozitaja albamu hizo mbili kwa pumzi moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndiyo maana nimekiweka kigezo cha tano.

Kuna kazi moja niliyoiacha nje ya ulinganisho, nayo ni The Cosmos Rocks, iliyotoka Septemba 2008, mwezi uleule wa Death Magnetic. Sisi wa pwani tuna haki ya kuiulizia, kwa kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Hata hivyo, ilitolewa kwa jina la Queen pamoja na mwimbaji Paul Rodgers, mpiga besi John Deacon hakushiriki, na wahusika wenyewe walikuwa makini kusema kwamba Rodgers hakuja kuchukua nafasi ya mtu. Ilikuwa ni ushirikiano zaidi kuliko kurejea, na kwa masikio yangu ilikuwa dhaifu.

Hali iliyotangulia

Metallica hawakuwa wamenyamaza. Walikuwa wamejikwaa hadharani. Mpiga besi Jason Newsted aliondoka Januari 2001, mwimbaji James Hetfield akaingia kwenye matibabu ya ulevi mwaka huohuo, na mtayarishaji Bob Rock akalazimika kupiga besi mwenyewe kwenye albamu ya St. Anger ya 2003. Albamu hiyo haikuwa na solo hata moja ya gitaa, licha ya kuwa Kirk Hammett ni mmoja wa wapiga solo wanaojulikana zaidi duniani, na mpiga ngoma Lars Ulrich aliirekodi ngoma yake ndogo akiwa amezilegeza waya zilizo chini yake, kwa hiyo kila pigo linalia kama sufuria inayogongwa kwa mwiko. Nyimbo zenyewe ni ndefu, kwa hiyo mlio huo unakufuata kwa zaidi ya saa nzima. Iliuza vizuri, ikaongoza chati, na bado hadi leo ndiyo kipimo cha mashabiki wanapotaka kueleza maana ya kuvunjwa moyo na bendi waipendayo.

Guns N' Roses walikuwa na tatizo la aina nyingine. Baada ya albamu mbili za Use Your Illusion za 1991 na ile ya nyimbo za wasanii wengine ya 1993, bendi ilimomonyoka: mpiga gitaa Slash aliondoka 1996, mpiga besi Duff McKagan 1997, na mwimbaji Axl Rose akabaki na jina, na mpiga kinanda Dizzy Reed, na mradi usioisha. Mwaka 2005 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba gharama za kurekodi zilikuwa zimefika dola milioni 13 na albamu ilikuwa bado haijatoka. Miaka mitatu baadaye kampuni ya kinywaji cha Dr Pepper iliahidi kumpa kila Mmarekani kopo moja la bure endapo albamu ingetoka kabla ya mwaka 2008 kwisha. Ilitoka mwezi Novemba.

Alice in Chains walitoka kwenye msiba. Albamu yao ya studio iliyotangulia ilikuwa ya 1995, na mwimbaji Layne Staley alifariki Aprili 2002 baada ya miaka mingi ya kupambana na dawa za kulevya. Waliobaki walikutana tena jukwaani mwaka 2005 jijini Seattle, katika tamasha la kuchangia waathirika wa tsunami ile iliyopiga Bahari ya Hindi Desemba 2004, wakisaidiwa na waimbaji mbalimbali. Hawakuwa na albamu wala mkataba wa kurekodi, na inaonekana hawakuwa hata na nia ya kuendelea.

Black Sabbath walikuwa na historia ndefu zaidi na iliyochakaa zaidi. Mara ya mwisho Ozzy Osbourne kuimba albamu nzima ya studio na bendi hiyo ilikuwa Never Say Die! ya 1978, albamu iliyotengenezwa na watu waliochoshana, na baada yake walipita waimbaji kadhaa hadi ile ya 1995, Forbidden, ambayo hata mashabiki wa kufa na kupona hawaitetei kwa sauti kubwa. Tangazo la kurejea pamoja lilitolewa Novemba 2011. Ndani ya miezi michache mpiga gitaa Tony Iommi aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu, na mpiga ngoma Bill Ward akajiondoa kwa kutoridhika na mkataba.

Sauti na utayarishaji

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, kwa sababu albamu hizi zina uhusiano ambao wasikilizaji wengi hawaujui. Death Magnetic na 13 zilitayarishwa na mtu mmoja, Rick Rubin, kwa mbinu inayofanana: kuwarudisha wanamuziki kwenye fikra walizokuwa nazo walipokuwa vijana. Metallica aliwataka wajiweke katika hali waliyokuwa nayo walipotengeneza Master of Puppets ya 1986. Sabbath aliwakalisha chini waisikilize upya albamu yao ya kwanza ya 1970. Mbinu ni ileile, lakini matokeo hayafanani.

Kwa Metallica matokeo yalikuwa nguvu tele na rekodi iliyoharibika. Sauti ilipandishwa juu mno katika utayarishaji, kiasi kwamba pale ngoma na magitaa yanapokutana utasikia sauti ikipasuka, na tofauti kati ya sehemu ya upole na sehemu ya kishindo karibu inatoweka. Mashabiki walithibitisha malalamiko yao kwa njia ya kuchekesha: nyimbo hizohizo zilitolewa pia kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero III, na pale zilisikika safi zaidi kuliko kwenye sidii waliyoinunua. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu irekebishwe. Ted Jensen, fundi aliyefanya hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti, alijitenga na jambo hilo akisema kazi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa imeshapunguzwa. Ukitaka kulisikia tatizo mwenyewe, chukua The Day That Never Comes: mwanzo wake wa taratibu unapendeza, gitaa linadondoka polepole, lakini dakika za mwisho, pale ambapo wimbo ungepaswa kukulipua, kishindo hakiongezeki kwa kuwa hakikuachiwa nafasi ya kupanda.

Kinyume chake ni Chinese Democracy. Watu waliicheka kwa kila jambo, lakini kwa upande wa usafi wa rekodi iliishinda Death Magnetic iliyotoka miezi miwili tu kabla yake. Fundi Bob Ludwig alieleza kwamba aliwapa wahusika matoleo matatu yenye viwango tofauti vya kubanwa, nao wakachagua lile lililoacha sauti ipumue, wakati ambapo kelele za mashabiki wa Metallica zilikuwa bado zimo masikioni mwa kila mtu. Tatizo la Chinese Democracy ni wingi. Kuna magitaa juu ya magitaa, vinanda, vyombo vya nyuzi, ngoma za mashine chini ya ngoma za mkono, na wakati mwingine unapata shida kujua nani anapiga nini. Ngoma alizorekodi mpiga ngoma mmoja zilipigwa upya na mwingine aliyefuata mkwajo kwa mkwajo. Ni kazi ya ufundi mkubwa, lakini bendi inayocheza pamoja chumbani huisikii.

Black Gives Way to Blue ilirekodiwa kwenye studio ya bendi ya Foo Fighters huko Northridge, California, na mtayarishaji Nick Raskulinecz, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uwiano mzuri kuliko nyingine zote tatu. Magitaa ni mazito na yameshushwa chini, besi ya Mike Inez ina nafasi yake, na sauti mbili zinazoimba kwa kukaribiana, alama ya bendi hii tangu mwanzo, zimewekwa mbele bila kusukumana. Imepaa kidogo kwa sauti kubwa kama rekodi nyingi za wakati ule, lakini haichoshi.

13 nayo ilipokea lawama kama za Death Magnetic, ingawa si kwa kiwango kile. Kwa kuwa nyimbo ni za mwendo wa pole, ubanwaji wa sauti hausikiki sana kwenye spika ndogo. Kwenye spika nzuri utagundua kwamba ngoma zingeweza kuwa na kina zaidi.

Nyimbo

Kwa urefu, Death Magnetic ina nyimbo 10 kwa takriban dakika 75, Chinese Democracy 14 kwa dakika 71, Black Gives Way to Blue 11 kwa dakika 54, na 13 ina nyimbo 8 kwa dakika 53. Urefu huo si jambo dogo. Kwenye Death Magnetic hakuna wimbo ulio chini ya dakika 5, na ule usio na maneno unakaribia 10; solo zimerudi, mikato ya ghafla imerudi, na kila wimbo una vipande vingi vizuri ambavyo pengine vingetosha kutengenezea nyimbo mbili. Anayependa gitaa atafurahi. Anayetaka wimbo wenye kiitikio cha kuimba bafuni atalazimika kungoja.

Chinese Democracy inapanda na kushuka kuliko zote. Nyimbo zake za taratibu, hasa zile ambazo Rose anakaa kwenye piano, zina hisia za kweli na sauti ambayo ilikuwa bado ina nguvu ya kushangaza, na mpiga gitaa Buckethead anapiga solo ambazo hata wanaomkumbuka Slash kwa machozi wanapaswa kuziheshimu. Nyingine zinabeba alama za miaka ya mwisho ya 1990, zilipoanza kuandikwa, kwa hiyo zilizaliwa zikiwa zimepitwa na wakati. Nadhani albamu hii ingekuwa na nyimbo tisa na kutoka mwaka 2001, tungeizungumzia kwa lugha tofauti kabisa.

Alice in Chains waliandika albamu inayojua inachokizungumzia. Inaanza kwa wimbo mzito unaotembea polepole kuhusu kuanza upya, na inaisha kwa wimbo mfupi wa kumuaga Staley, ambapo Elton John anapiga piano. Katikati kuna nyimbo za gitaa kavu zinazopumzisha, na Check My Brain, ambao noti yake kuu inavutwa ikapinda kila inaporudi, mpaka unahisi kizunguzungu cha makusudi. Udhaifu wake ni kwamba mwendo haubadiliki sana, na asiyependa huzuni anaweza kuchoka kufikia wimbo wa saba.

13 inacheza na kumbukumbu waziwazi. Wimbo wa kwanza unaanza kwa uzito uleule wa wimbo wa kwanza wa albamu ya 1970, mwingine unarudia utulivu wa wimbo wao wa zamani wenye ngoma za mkono, na albamu inaisha kwa mvua, radi na kengele, vitu vilevile vilivyofungua albamu ile ya kwanza. Wapo wanaoona huko ni kujinakili. Mimi naona ni wazee wanaofunga hesabu zao, na Iommi, aliyekuwa akitibiwa saratani wakati huohuo, anatoa vipande vya gitaa ambavyo vijana wengi wangejivunia kuviandika.

Pengo na namna lilivyokabiliwa

Alice in Chains ndio waliolikabili pengo moja kwa moja. William DuVall, mwimbaji mpya, hakuletwa kuwa nakala ya Staley. Kwenye albamu hii Jerry Cantrell, aliyekuwa tayari ni nusu ya sauti ya bendi, ndiye anayeongoza sehemu kubwa, na DuVall anaingia kama sauti ya pili kisha anapewa nafasi yake hatua kwa hatua. Msikilizaji anapewa nafasi ya kuomboleza kabla ya kuombwa azoee mtu mpya. Ikiwa wewe ni miongoni mwa wanaosema bendi isingepaswa kuendelea na jina lake baada ya mwimbaji kufa, msimamo wako ni wa kuheshimiwa, lakini nakushauri uisikilize hii kwanza kabla ya kuufunga mjadala.

Metallica walikuwa na pengo dogo zaidi. Robert Trujillo alijiunga mwaka 2003 baada ya St. Anger kurekodiwa, kwa hiyo Death Magnetic ni albamu yake ya kwanza, na anafanya kazi yake vizuri pale ambapo mchanganyiko wa sauti unamruhusu asikike. Kilichokosekana kwao kilikuwa ujasiri wa kucheza kama zamani, na huo waliupata.

Kuhusu Black Sabbath, nafasi ya Bill Ward ilijazwa na Brad Wilk wa Rage Against the Machine. Wilk ni mpiga ngoma imara na hakufanya kosa lolote la wazi, lakini Ward alikuwa na mdundo wenye kuyumba kidogo, wenye asili ya jazi, ambao ulizifanya nyimbo za zamani zipumue. Usipoujua mdundo huo hutaukosa. Ukiujua, utausubiri kwa dakika 53 na hautakuja.

Guns N' Roses walilijaza pengo kwa watu wengi. Palipokuwa na wapiga gitaa wawili wenye tabia zinazotofautiana, pakawa na watano au zaidi waliopita kwa nyakati mbalimbali, wote mahiri, na hakuna aliyebaki muda wa kutosha mbele ya kipaza sauti cha studio kuwa mpinzani wa kweli wa mwimbaji. Nadhani kilichokosekana hapo kilikuwa mtu wa kumwambia Axl Rose kwamba wimbo umekwisha, aache kuugusa.

Kilichofuata

Metallica walifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: mwaka 2011 walitoa Lulu pamoja na mwimbaji Lou Reed, nyimbo 10 zinazokaribia dakika 87, na karibu kila mtu akaikataa. Sitaitetea yote, ingawa mwisho wake una uzuri wa ajabu kwa mwenye subira. Albamu yao halisi iliyofuata, Hardwired... to Self-Destruct ya 2016, ina sauti safi kuliko Death Magnetic na urefu uleule wa kupitiliza, na 72 Seasons ya 2023 ikaendelea kwenye njia hiyo. Kwa hiyo kurejea kwao kulidumu, hata kama hakukuwa na kilele kipya.

Alice in Chains walitoa The Devil Put Dinosaurs Here mwaka 2013, dakika 67, nzito na ya polepole zaidi, na hiyo ndiyo iliyonivunja moyo mimi binafsi, kwani ilikuwa na mambo yote ya albamu iliyotangulia isipokuwa sababu ya kuwepo. Rainier Fog ya 2018, iliyorekodiwa kwa sehemu katika studio ileile ya Seattle walikorekodi albamu ya 1995, iliwarejesha kwenye mstari.

Guns N' Roses hawajatoa albamu iliyoifuata. Slash na McKagan walirudi mwaka 2016, ziara yao ikaingiza zaidi ya dola milioni 500, na kuanzia 2021 zimetoka nyimbo moja moja, kadhaa zikiwa zimetokana na vikao vya enzi za Chinese Democracy. Walioandika kwamba albamu ile ilikuwa takataka tupu sasa wanaimba vipande vya masalia yake uwanjani, jambo ambalo nakiri linanifurahisha kidogo. Black Sabbath nao hawakutoa nyingine: nyimbo zilizobaki kwenye vikao vya 13 ziliuzwa kwenye ziara ya kuaga, ziara ikamalizikia Birmingham, mji wao, Februari 2017, na Ozzy akafariki Julai 2025, wiki chache baada ya kuimba kwa mara ya mwisho mjini humo, safari hii Bill Ward akiwa nyuma ya ngoma.

Kila moja inamfaa nani

Death Magnetic inamfaa mpenzi wa gitaa la kasi aliyeiacha Metallica wakati wa St. Anger na anayetaka kujua kama uwezo ulikuwa bado upo. Haimfai mwenye masikio mepesi kuchoka.

Chinese Democracy inamfaa msikilizaji anayependa utayarishaji wa tabaka nyingi na yuko tayari kuisahau Appetite for Destruction, albamu yao ya kwanza, kwa saa moja. Ukishindwa kuisahau, utakereka kuanzia wimbo wa kwanza.

Black Gives Way to Blue inamfaa anayesikiliza albamu kama simulizi moja, na hata asiyewahi kuwasikia Alice in Chains anaweza kuanzia hapo bila kupotea. 13 inamfaa anayezijua albamu nne za mwanzo za Black Sabbath, kwa kuwa raha yake kubwa iko kwenye kutambua kinachorejelewa. Asiyezijua ataipata kuwa nzito, nzuri, lakini kidogo isiyo na haraka ya kufika.

Uchague kwa kuangalia hali yako

Ukiwa unasikiliza kwa simu na spika za masikioni za bei nafuu, anza na Black Gives Way to Blue au Chinese Democracy, na uiache Death Magnetic kwa siku utakayopata spika nzuri. Hata hizo spika nzuri hazitaondoa mpasuko uliomo ndani ya rekodi, lakini angalau utazisikia besi.

Ukiwa na muda wa wimbo mmoja mmoja tu, tuseme kati ya kituo na kituo kwenye daladala, Chinese Democracy inakubali kukatwakatwa kuliko nyingine, kwani haikutengenezwa kama mwili mmoja. Ruka unazozichoka bila kujihukumu. 13 na Black Gives Way to Blue zinapoteza sana zikisikilizwa hivyo.

Ukiwa unajifunza gitaa, Death Magnetic itakupa kazi ya mwaka mzima kwa mkono wa kulia, wakati 13 itakufundisha kuacha noti ikae. Mwalimu wa gitaa angekutaka uanze na ya pili, na wanafunzi wengi wangeanza na ya kwanza.

Ukiwa kwenye msiba, au unamkumbuka mtu aliyeharibiwa na dawa za kulevya, Black Gives Way to Blue inaweza kukufariji na inaweza pia kukuzidisha huzuni. Usiisikilize yote usiku wa kwanza, anza na wimbo wa mwisho peke yake.

Ukiwa tayari unaipenda mojawapo ya bendi hizi na unaogopa kuharibiwa kumbukumbu, sikiliza kwanza albamu iliyotangulia kuvunjika kwao: Never Say Die! kabla ya 13, St. Anger kabla ya Death Magnetic, ile ya 1995 kabla ya Black Gives Way to Blue. Kwa Guns N' Roses fanya kinyume. Usisikilize chochote cha zamani kwa wiki nzima, kisha ifungulie Chinese Democracy kana kwamba ni ya msanii mpya aitwaye Axl Rose, na uanzie kwenye nyimbo zake za piano.